Kitenzi Karakanani: Lugha ya Kuwaingiza Wanafunzi wa Uhandisi katika Misingi ya Uundaji

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi nchini Tanzania hukutana na misingi ya uzalishaji mahali pawili. Hukutana nayo kwanza ukumbini, ambako mihadhara, vitabu na mitihani ni ya Kiingereza. Kisha hukutana nayo karakanani, ambako fundi sanifu anayemwonyesha namna ya kubana kipande kwenye jiriwa, kushika tupa na kuendesha mashine ya kukereza huzungumza naye Kiswahili. Kati ya ukumbi na karakana pana mwendo wa dakika chache tu. Hata hivyo, katika daftari la mwanafunzi umbali huo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa yaliyosemwa mahali pa kwanza yameandikwa na yaliyosemwa mahali pa pili hayakuandikwa. Makala hii inadai kwamba somo hilo lingefaa lianzie kwenye vitenzi vya karakana, na kwamba udhaifu wake wa sasa ni suala la isimu kwa kiasi kilekile ambacho ni suala la uhandisi.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo. Mwanafunzi amechora shafti yenye kipenyo cha milimita 25 pamoja na puli itakayovishwa kwenye shafti hiyo. Ameandika 25 kwa shafti na 25 kwa tundu la puli, kisha ameupeleka mchoro kwa fundi. Fundi anauliza swali moja: "Icheze, ikae, au ibane?" Mwanafunzi hana jibu.

Ajabu ni kwamba jibu analo. Katika daftari lake mna jedwali la mfumo wa ISO, na alikwisha kulifanyia mtihani. Kwa mujibu wa jedwali hilo, tundu la milimita 25 la daraja H7 linaruhusiwa kuwa na kipenyo cha kati ya 25.000 na 25.021. Shafti ya daraja g6 huwa kati ya 24.980 na 24.993, kwa hiyo hata shafti nene kuliko zote ikikutana na tundu jembamba kuliko yote hubaki nafasi ya milimita 0.007, na shafti huzunguka bila kizuizi. Huko ndiko kucheza. Shafti ya daraja p6 huwa kati ya 25.022 na 25.035, yaani daima ni nene kuliko tundu, na haiingii ila kwa kusukumwa na shinikizo au kwa kulipasha tundu moto litanuke. Huko ndiko kubana. Katikati iko shafti ya daraja k6, kati ya 25.002 na 25.015, ambayo huweza kupata nafasi ndogo au kubana kidogo, kutegemea ni ipi imekutana na lipi. Hiyo ndiyo inayokaa. Vitenzi vitatu vya fundi na mafungu matatu ya jedwali ni kitu kimoja. Mwanafunzi amefundishwa kitu hicho mara mbili, na hakuna aliyemwambia kuwa ni kimoja.

Yanayofuata swali lisilojibiwa yanafahamika. Fundi huamua mwenyewe, na kwa kawaida huamua vizuri, lakini uamuzi wake hauandikwi popote. Miaka mitano baadaye, shafti ya pili inapotakiwa, mchoro bado unasema 25 na hakuna ajuaye ya kwanza ilikuwa na kipimo gani hasa. Ikitokea kuwa fundi ameamua vibaya, puli hucheza mahali ilipopaswa kubana na shafti huharibika taratibu, au beringi hubana kupita kiasi na kupata moto. Lawama humwendea fundi. Kwa haki ingepasa kumwendea aliyechora.

Hata hivyo, itakuwa ni kosa kuitukuza lugha ya karakana kana kwamba imekamilika. Fundi anaposema shafti "ibane", ana shafti moja mkononi na tundu moja mezani. Huikereza kidogo, huijaribu, huikereza tena, hata vitu hivyo viwili vipatane. Maarifa hayo ni ya jozi. Kiwanda hakina jozi. Kiwanda kina shafti elfu moja zilizokerezwa mahali pamoja na puli elfu moja zilizotobolewa mahali pengine, pengine hata katika nchi nyingine, na kila shafti inapaswa kupatana na kila puli bila kujaribiwa. Hapo ndipo kitenzi peke yake kinaposhindwa na tarakimu inapohitajika. Tofauti ya 0.021 inayoruhusiwa kwa tundu la H7 ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Sikio, kidole na uzoefu haviwezi kuishika kwa vipande elfu moja mfululizo. Kazi ya mhadhiri basi si kumwondoa mwanafunzi katika swali la fundi. Ni kulichukua swali lilelile na kulipa kipimo.

Katika jambo hili Kiswahili chenyewe kina mtego unaostahili kuzingatiwa. Neno linalotumika zaidi kwa kazi ya karakana ni "kutengeneza", na kutengeneza ni kufanya kitu kipya na pia ni kurudisha kilichoharibika katika hali yake. Mtu akisema kuwa fundi ametengeneza redio, msikilizaji hudhani imekarabatiwa. Akisema ametengeneza kabati, hudhani ni jipya. Muktadha hutenganisha maana hizo katika mazungumzo ya kila siku, lakini darasani mkanganyiko hubaki, hasa kwa mwanafunzi ambaye karakana zote alizopata kuziona tangu utotoni ni za kukarabati. Yeye hudhani kuwa kiwanda ni karakana kubwa. "Uzalishaji" nalo, neno lililozoeleka kwa wachumi na wanasiasa, lina upana unaochukua mahindi, umeme na maziwa pamoja na nati. Kwa somo la msingi la wahandisi, kitenzi kinachofaa zaidi ni "kuunda", ambacho watu wa pwani wamekitumia kwa vyombo vya baharini tangu kale. Jahazi likishaundwa linaweza kutengenezwa mara nyingi. Haliundwi mara ya pili. Tofauti hiyo, ambayo baharia yeyote anaijua, ndiyo inayohitajika katika somo la kwanza, na ndiyo sababu ya neno "uundaji" katika kichwa cha makala hii.

Suala lenyewe la mbinu za uundaji lina utajiri zaidi. Vitabu vya misingi huzigawa mbinu hizo katika mafungu makubwa: kumimina metali iliyoyeyuka ndani ya kalibu, kuipa metali umbo kwa kuigonga au kuikandamiza, kuondoa sehemu isiyotakiwa kwa ncha kali, na kuunganisha vipande. Mwanafunzi huyakariri mafungu haya kama majina. Lakini kila fungu lina kitenzi chake katika Kiswahili, na vitenzi hivyo havikubuniwa na kamati yoyote: kusubu, kufua, kukereza, kuchomelea. Kusubu ni neno lenye asili ya Kiarabu, kama ilivyo kalibu yenyewe. Kufua ni urithi wa Kibantu; Wagikuyu humwita mfua chuma mũturi, na Kishona kina kitenzi -pfura kwa kazi hiyohiyo, maneno ambayo kwa sauti yanaonekana mbali na fua lakini ambayo kanuni za mabadiliko ya sauti huyarudisha kwenye shina moja. Kwa nini kitenzi hikihiki kinafua nguo na kufua nazi? Kwa vile kiini chake ni kupiga na kushindilia. Mwanafunzi akilijua hilo haambiwi tena kwamba chuma kinachofuliwa hakipotezi kitu bali hubadili umbo tu. Neno limekwisha kumwambia.

Faida kubwa, lakini, imo katika mnyambuliko. Kiambishi cha kutendeka, yaani -ik- au -ek-, kikipachikwa kwenye vitenzi hivi hutoa mara moja sifa za mata ambazo kozi nzima ya mwaka wa kwanza hujitahidi kuzieleza. Kuna chuma kinachosubika na kisichosubika vizuri. Kuna kinachofulika na kinachopasuka kikifuliwa. Kuna kinachokerezeka, na kuna kinachochomeleka. Chuma cha kalibu, chenye kaboni ya asilimia 2 hadi 4 hivi, husubika vizuri sana kwa sababu huyeyuka katika joto la chini kuliko chuma cha pua na hutiririka hadi pembe zote za kalibu. Lakini hakifuliki, hupasuka, na kuchomelea kwake kuna taabu. Chuma cha pua chenye kaboni chini ya asilimia 0.25 ni kinyume chake: hufulika kikiwa cha moto na huchomeleka bila matayarisho mengi, bali kukisubu ni kazi ngumu zaidi. Sentensi hizo mbili ni nusu ya jedwali la uteuzi wa mata. Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuzielewa kabla hajafungua kitabu, na kutokana nazo anaweza kuunda nomino zote atakazozihitaji: usubikaji, ufulikaji, ukerezekaji, uchomelekaji. Nomino hizo hazihitaji kutangazwa. Zimo katika sarufi.

Pingamizi la kisarufi linaweza kutolewa hapa, nalo ni la haki. Kauli ya kutendeka ina maana mbili, ya hali na ya uwezekano, na istilahi inayobeba maana mbili ni istilahi mbovu. Jibu lake ni kwamba njeo hutenganisha maana hizo kwa namna ya kuaminika. "Shafti imekerezeka" ni taarifa ya hali: kazi imefanyika, tena imefanyika sawasawa. "Chuma hiki hukerezeka" ni taarifa ya sifa. Hakuna fundi anayezichanganya. Mwenye kuzichanganya ni mwandishi wa istilahi anayeanza na nomino, kwa kuwa nomino haina njeo.

Kusubu kunastahili maelezo zaidi, kwani ni mbinu ambayo wanafunzi huichora vibaya kuliko zote. Ili kusubu puli ya chuma kwenye mchanga, kwanza huchongwa umbo la mbao, mchanga hushindiliwa kulizunguka, kisha umbo hutolewa ili kubaki uwazi wa kumiminia. Maneno mawili yanatawala kazi hiyo: kuchomoka na kunywea. Umbo lazima lichomoke bila kubomoa mchanga. Kwa hiyo kuta zake hupewa mwinamo mdogo, wa digrii moja au zaidi kidogo. Mchoro wenye kuta zilizosimama wima kabisa ni mchoro wa kitu kisichochomoka. Aidha, metali hunywea inapopoa: chuma cha kalibu kwa takriban asilimia 1, alumini kwa takriban asilimia 1.3, chuma cha pua kwa takriban asilimia 2. Kwa puli ya milimita 300 ya chuma cha kalibu, mchonga umbo hufanya umbo la milimita 303, na hutumia rula maalumu ambayo alama zake zimeachana zaidi kwa kiasi hichohicho. Watu wanaosubu sufuria za alumini kutokana na vyuma chakavu katika miji ya Afrika Mashariki huyatii masharti yote mawili kila siku. Mwanafunzi aliyepitishwa kwao kwa saa mbili, akaelezwa anachokiona kwa maneno wanayoyatumia wao, atayakumbuka kuliko aliyeyasoma kwenye ukurasa wenye picha.

Si kila kitu kinapatikana karakanani. Kwa mfano, mafundi wengi leo husema "kuchonga" kwa kazi zote za mashine, na mtaani mchonga vipuri hukereza, hutoboa na hukata meno ya gia chini ya kitenzi hicho kimoja. Kwa mteja hilo halina madhara. Kwa mwanafunzi lina madhara, kwani tofauti ya kwanza katika fungu hili ni kujua kinachozunguka: katika kukereza kipande huzunguka na kisu husogea, katika kutoboa, keekee ndiyo huzunguka, katika mashine ya milingi, kisu chenye meno mengi huzunguka na kipande husogezwa chini yake. Kitenzi cha asili kwa kazi hiyo ya mwisho hakipo, wala hakuna haja ya kukitafuta kwenye kamusi za kale. Milingi inatosha, kama spana, nati na gia zilivyotosha. Kinyume chake, kulehemu na kuchomelea ni maneno ambayo mafundi huyatenga vizuri na waandishi wa haraka huyachanganya. Katika kulehemu kinachoyeyuka ni risasi au bati ya kuunganishia tu. Katika kuchomelea, kingo za vipande vyenyewe huyeyuka na kuwa kitu kimoja. Mhandisi asiyetofautisha mambo hayo mawili hapaswi kuidhinisha tangi la mvuke.

Ingefaa kuuliza kwa nini hazina hiyo haijaingia darasani, ilhali kazi ya istilahi imefanywa kwa miongo mingi. Jitihada hazikukosekana. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kabla ya hapo, mwaka 1987, kamusi ya msingi ya kiufundi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotungwa na Rajmund Ohly ilichapishwa na taasisi ya uvumbuzi wa uzalishaji ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na si na taasisi ya lugha. Jambo hilo la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyopewa: watu wa mashine ndio walioona kwamba wanahitaji maneno. Lakini kamusi yenye mwelekeo wa Kiingereza kwenda Kiswahili, hata ikiwa nzuri kiasi gani, huanza na orodha ya kigeni na kuitafutia visawe. Huuliza kama Kiswahili kina neno la kitu fulani. Haiulizi Kiswahili kinasema nini pale shafti inapoingia kwenye tundu. Kwa utaratibu huo, tofauti inayoruhusiwa katika kipimo ingeweza kuitwa "uvumilivu" au "ustahimilivu" kwa kufuata tu maana ya kawaida ya neno la Kiingereza, na mwanafunzi angebaki akijiuliza chuma kinamvumilia nani. 

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu ni ule wa lugha ya kufundishia uliovikwa nguo za kazi. Ni kweli kwa sehemu. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari na hatimaye vyuo vikuu, na serikali haikukubali. Utafiti wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha jinsi Kiingereza cha wanafunzi kilivyokuwa dhaifu mno kwa kazi kiliyopewa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaruhusu lugha zote mbili. Linalopendekezwa hapa ni dogo zaidi na halisubiri sera. Vitabu, viwango na maelekezo ya mashine vitaendelea kuwa vya Kiingereza kwa muda mrefu, na mhandisi asiyeweza kuvisoma si mhandisi. Lakini wiki tatu za kwanza za somo la misingi ya uundaji zinaweza kufundishwa karakanani, kwa Kiswahili, na mhadhiri na fundi sanifu wakiwa pamoja mbele ya mashine moja, na mwanafunzi akitakiwa kuandika katika daftari lake kila kitenzi cha fundi kando ya kila kipimo cha mhadhiri. Kiingereza kitakapofuata kitakuta mahali pa kukaa. Wahadhiri wengine wa uhandisi watalalamika kwamba wiki tatu ni nyingi. Kwa hali ilivyo, wao hutumia muda mrefu zaidi ya huo kusahihisha michoro isiyoweza kuundwa.

Upande wa idara za Kiswahili una deni lake pia. Tasnifu za istilahi zimeandikwa kwa wingi kutokana na kamusi na kumbukumbu za kamati. Zilizoandikwa kutokana na kelele za mashine ni chache. Mtafiti wa uzamili anayetafuta mada angeweza kukaa miezi mitatu Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kamukunji jijini Nairobi, ambako mabati hufuliwa baridi kutwa nzima, akarekodi sentensi kamili badala ya orodha ya majina. Aulize ni nini husemwa kisu kinapokata kwa kina kupita kiasi, chuma kinapolia chini ya kisu, kalibu inapotoa kipande chenye mapovu. Aandike nani alisema, kwa nani, na mashine gani ilikuwa ikizunguka. Aanze, kwa mfano, na kitenzi "kulika", ambacho kila dereva na kila fundi hukitumia: gia zimelika, tairi limelika, shafti imelika. Atakuta kwamba "imelika" ni hali inayopimwa kwa maikromita, na "hailiki upesi" ni sifa ya mata ambayo wahandisi wana mashine maalumu ya kuijaribia. Na atahitaji mhandisi akae naye ili amweleze ile mashine.